Mama Upepo na Ndoo Ambayo Hakuisahau

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi kamili alasiri, fundi mkuu msaidizi wa karakana yetu ya baiskeli atavua aproni yake ya bluu baada ya kuitumikia taasisi hii miaka thelathini na miwili. Kwenye orodha ya mishahara ana jina lake kamili, lakini ukilitaja getini mlinzi atakuuliza huyo ni nani. Sisi tunamwita Mama Upepo. Baiskeli arobaini na sita za wauguzi wetu wanaowafuata wagonjwa majumbani hupita mikononi mwake kila wiki, na hakuna muuguzi anayethubutu kutoka asubuhi bila yeye kulibonyeza tairi kwa dole gumba na kuitikia kwa kichwa kwamba haya, nenda.

Mhariri wa jarida amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye benchi moja miaka kumi na saba. Ameniomba niwe mchangamfu na nisizidishe ukurasa mmoja. La kwanza nitajitahidi. La pili anisamehe, maana kuna jambo la miaka kumi na moja iliyopita ambalo hadi wiki hii lilikuwa limeandikwa vibaya kwenye faili la mama huyu, na vibaya zaidi kichwani mwake mwenyewe. Nataka lisahihishwe mbele ya wote kabla hajakabidhi funguo, na aliyeujua ukweli wake miaka yote hiyo ni mimi peke yangu.

Lakini tuanze mwanzo. Mama Upepo hakuajiriwa kama fundi. Aliajiriwa kufagia, akiwa na binti mdogo wa kulea peke yake. Wiki ya tatu fundi wa wakati ule aliumwa mgongo, na muuguzi mmoja akaingia anahema, tairi limelala, mgonjwa anasubiri. Mwenye ufagio akauegemeza ukutani, akaziba pancha, akajaza upepo, akaendelea kufagia. Fundi aliporudi baada ya mwezi alikuta baiskeli zote zinatembea na sakafu inang'aa. Alikuwa mtu muungwana, hakununa. Alimtafutia aproni.

Enzi ya tyubu aliimaliza kwa viraka visivyo na idadi. Kisha, miaka kumi na mitatu iliyopita, tukaletewa baiskeli mpya zenye tairi zisizo na tyubu. Jamani, kizaazaa! Kwa wasioelewa: ndani ya tairi la namna hiyo unamimina uji mweupe ambao sisi tunauita maziwa. Mwiba ukiingia, upepo unapotoka unayasukuma maziwa kwenye tundu, yanaganda pale pale, safari inaendelea. Muuguzi huenda hata asijue kwamba amechomwa. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa na muuzaji, mtu mwenye tai nzuri na maneno matamu, ambaye alituachia vipeperushi vya aina sita za maziwa na kusisitiza kwamba ya bei kubwa ndiyo bora.

Mama Upepo hakumbishia. Aliomba chupa moja ya kila aina, akachukua tairi sita zilizochakaa, akamimina, akazipigilia zote msumari wa urefu uleule na kuzitundika kwenye ukuta wa nyuma unaopigwa na jua mchana kutwa. Miezi mitatu alizikagua kila Jumatatu na kuandika kwenye daftari la mistari. Yale ya bei kubwa yaliziba haraka kuliko yote, kisha baada ya wiki tano yakawa yamekauka na kubaki ngozi tu. Mengine yalikuwa mazito hadi yakaziba njia ya valvu. Mengine yalikuwa na harufu ya kutoa machozi na yakaanza kuitafuna rimu. Aina ya nne, yenye chengachenga ndogo za mpira ndani yake, iliziba vizuri na kudumu. Hiyo ndiyo aliyoichagua, na ndiyo tunayotumia mpaka leo.

Siku ya kuionyesha kwa wakubwa, meneja wetu alikuja na suruali mpya ya rangi ya krimu. Mama alimwomba asimame nyuma kidogo. Meneja, kwa kutaka kuonekana anaelewa, akasogea mbele na kuinama. Msumari ukachomolewa, tairi likazungushwa, na kabla tundu halijaziba suruali ilikuwa imepata michirizi kutoka gotini hadi mfukoni. Tulikaza midomo hadi alipotoka, kisha tukavunjika mbavu. Meneja mwenyewe amenipa ruhusa niyaandike haya, na anasema suruali hiyo anaivaa anapopaka rangi nyumba.

Mnaobaki kazini, yashikeni haya aliyotufundisha. Usichanganye aina mbili za maziwa, yatagandiana humo humo. Tairi jembamba linatosheka na mililita sitini, pana lipe mara mbili yake, wala usipime kwa macho. (Yeye hupima kwa bomba la sindano alilopewa na wauguzi, na ole wake atakayelichukua.) Kila miezi miwili ongeza, na kipindi cha joto usingoje hiyo miwili. Valvu isafishwe, kwani ikiziba utalaumu pampu bure. Ukichomwa njiani, geuza gurudumu hadi tundu liangalie chini, uyape maziwa nafasi. Tundu likiwa kubwa, usiyasumbue, tia kamba ya kuzibia. Na kila Jumatatu ondoa gurudumu, lisogeze sikioni, litikise. Ukisikia mchapomchapo, yamo. Ukisikia kimya, yamekauka.

Sasa nifike kwenye ndoo.

Baada ya miaka miwili ya chupa ndogondogo, taasisi iliamua kununua maziwa kwa ndoo ya lita ishirini. Ndoo ilikaa juu ya rafu wiki tatu. Zile chengachenga zinazoziba matundu ni nzito, zikitulia zinazama chini, na juu unabaki ute mwembamba usioziba hata tundu la sindano. Ndiyo maana kabla ya kuchota lazima ukoroge kwa mwiko hadi mwiko utoke na chenga, kisha ukoroge tena kila baada ya chupa tano. Hilo Mama Upepo alilijua kuliko mtu yeyote katika jengo hili.

Asubuhi ya kuigawa ndoo kwenye chupa, alipigiwa simu. Binti yake, yule aliyemlea kwa mshahara wa kufagia, amefikishwa wodi ya wazazi na uchungu umeanza. Mama alichanganyikiwa kwa furaha. Alitoka na aproni mwilini na spana mkononi, na spana hiyo alikaa nayo wodini hadi jioni. Kazi ya ndoo akaniachia mimi. Kulikuwa na mechi redioni. Nilichukua kikombe, nikachota juu juu bila kukoroga hata mara moja, nikajaza chupa zote na kuzipanga zikapendeza. Kesho yake alirudi akiwa bibi, uso unang'aa, akasaini kwamba chupa zimejazwa, na kwa wiki ile tukaziongezea maziwa baiskeli zote. Ukitikisa gurudumu ulisikia mchapomchapo kama kawaida. Ute nao unachapa vilevile.

Alhamisi iliyofuata mkandarasi fulani alifyeka ua wa miiba kando ya barabara. Baiskeli kumi na tisa zililala siku moja. Wauguzi walirudi wanasukuma, mmoja alitembea kilomita nne na kisanduku cha dawa begani, akamkuta mke wa mgonjwa mlangoni amefura. Hakuna aliyedhurika, namshukuru Mungu. Tulipoifungua ndoo tulikuta chini kuna keki ya chenga, nene kama kiganja. Kila mtu akaelewa kwamba haikukorogwa.

Kwenye kikao niliulizwa swali moja tu: je, Mama Upepo alikuambia ukoroge? Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani na mkataba wangu ulikuwa wa miezi. Nilisema sikumbuki. Neno moja hilo. Mama alinitazama, akafikiri sana, kisha akawaambia kwamba kama mimi sikumbuki, basi huenda yeye ndiye hakusema, kwa sababu siku ile akili zake zote zilikuwa wodini. Akapewa barua ya onyo. Mwezi uliofuata alikuwa awe mkuu wa karakana, na nafasi hiyo akapewa mtu kutoka nje.

Ningeweza kusema barua ndiyo iliyoniuma. Si kweli. Kilichoniuma ni kwamba aliniamini. Tangu siku hiyo mama mwenye kumbukumbu ya chuma alianza kujiandikia kwa kalamu kiganjani: funga dirisha, zima taa, mwambie fulani. Nafasi ya ukuu ilipokuwa wazi tena miaka sita baadaye, aliikataa mwenyewe, akisema karakana haiwezi kuongozwa na mtu anayesahau. Na kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mjukuu ikifika, tukimpongeza, alikuwa na utani wake uleule, kwamba siku ile mtoto aliingia duniani na akili ya bibi yake ikatoka. Wote tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, sina haya mimi!

Kwa hiyo naandika hapa, kwa mkono wangu, mbele ya wafanyakazi wote: alisema. Alisema mara mbili. Mara ya kwanza akiwa kwenye benchi, akinionyesha mwiko. Mara ya pili alikuwa ameshatoka, akarudi, akaingiza kichwa dirishani na kusema mwanangu, koroga mpaka mkono ukuume. Nakumbuka hadi kitambaa alichofunga kichwani. Nilikumbuka pia siku ya kikao.

Haikuwa haki ayasome haya kwenye jarida kama mgeni, hivyo Jumanne nilimweleza ana kwa ana. Alikuwa anasafisha valvu kwenye bakuli. Nilitarajia anirushie bakuli, na ningelistahili. Aliweka valvu chini moja moja. Barua hakuiulizia, wala ukuu. Aliniuliza kama nina hakika alisema. Nikamwambia nina hakika, nikamweleza lile la dirishani. Akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akaketi kwenye kigoda na kulia, na mimi nikasimama pale sina pa kuweka mikono.

Alipomaliza, nilipewa haki yangu. Kwa dakika kumi nzima niliambiwa mimi ni mtu wa namna gani, kuanzia utosini kushuka chini, na majirani wa stoo walisimamisha kazi kusikiliza. Sitayaandika hapa, yalikuwa ya kwangu na nimeyapokea yote.

Meneja nimemwona Jumatano. Barua ya onyo imetolewa kwenye faili, na badala yake imewekwa nyingine yenye saini yangu. Barua yangu ya onyo inaandaliwa, na sina kinyongo. Cheti atakachokabidhiwa Ijumaa kitasomeka Mkuu wa Karakana. Ni cheo cha siku tatu, na meneja amekiri kwamba kimechelewa na kwamba ni aibu yetu. Mama alipoambiwa alisema siku tatu zinamtosha kunihamishia kwenye zamu ya kuosha minyororo, na kweli, tangu jana mchana naosha minyororo.

Kwa niaba ya wauguzi, madereva, wahasibu, walinzi na kila aliyewahi kupanda baiskeli aliyoigusa: Mama, asante. Asante kwa barabara zote tulizopita bila kujua kwamba tumechomwa. Pumzika vizuri, ule vizuri, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakuchoshe kwa kiasi. Maisha yako ya huko mbele yawe mepesi na ya furaha.

Mimi kwa upande wangu sijaomba msamaha ili niambiwe yameisha, na wala hajaniambia hivyo. Nitamalizia kwa nilichokiona Jumanne ile ile. Baada ya kunisema, alifuta mikono, akachukua simu na kumpigia binti yake. Nilidhani anamweleza habari ya barua, au habari zangu. Hakutaja barua wala mimi. Aliomba apewe mjukuu wake, na mtoto alipopokea, akamwambia: bibi anakumbuka siku yote uliyozaliwa, tangu asubuhi, na hakusahau kitu.