Udongo Wetu Upimwe Tena Kabla ya Mvua

Mgeni rasmi, Mkuu wa Maabara ya Udongo. Bwana shamba wetu. Na majirani mliojibana kwenye viti vya watoto wa chekechea:

KARIBU
Sisi kikundi cha Bibi na Wakwe, wakulima wa mboga, tunakupokea kwa mikono miwili. Tulidhani utamtuma mtu. Umekuja mwenyewe, na mioyo inatudunda, maana mkubwa hafungi safari kwa jambo dogo. Msomaji akikwama mtuwie radhi, miwani ni ya kuazima.

TULIKOTOKA
Tuko kumi na tisa. Shamba tulilipata mwaka juzi. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa akipuliza dawa ya kuua magugu. Sisi tunapalilia kwa jembe, huku midomo ikiwapalilia majirani.

MAFANIKIO
Mchicha na maharage yetu hupikwa katika jiko la chekechea hii. Watoto ni sitini, wengi wajukuu zetu.

Tena tumeelimika. Mtaalamu wako alipokuja kutueleza mashine yenu ya kupimia dawa udongoni, niliwategea wenzangu: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Wameingia pamoja mlango mmoja, wametoka mmoja mmoja, kila mtu kwa saa yake."

Fundi cherehani wetu akadakia, "Waalikwa wa harusi! Na wewe bibi ndiye wa mwisho, umekumbatia sufuria."

Wakashindwa, wakanipa mji. Jibu ni dawa ndani ya mashine. Udongo unalowekwa, unatikiswa, unachujwa, kisha maji yake yanasukumwa kwenye kibomba chembamba. Kila dawa hutoka kwa wakati wake, na mashine huichorea mlima wake karatasini.

CHANGAMOTO
Barua yako ilisema mabaki ya dawa yamo katika vifuko vyote sita vya udongo tulivyokuletea, tusipande kwa misimu miwili. Vyote sita, mgeni rasmi! Hata kile cha udongo wa banda langu la kuku, ambako hakuna aliyewahi kupuliza hata marashi. Hapo tukaanza kuulizana.

"Mama, ulichotea nini?" mkwe wangu akaniuliza.

"Kopo la bluu."

"Lile la mpangaji?"

"Nililiosha mara tatu kwa sabuni!"

"Mama jamani! Alikuwa akipimia dawa yake humo."

Nikakaa chini. Aliyechota ni mimi ninayesoma. Mtaalamu alishatuambia mashine inaona hata kitu kidogo mfano wa punje ya chumvi ndani ya lori la mchanga. Sabuni yangu ingefua dafu wapi? Wenzangu walitaka tuandike humu "kulitokea hitilafu". Nimekataa.

Ila hatujui. Huenda ni kopo, huenda ni shamba lenyewe. Usingizi umetupaa. Miche kitaluni imefika urefu wa vidole vinne, na mvua inasemekana imebakiza wiki mbili.

MAOMBI
Tunaomba mtaalamu wako aje achote mwenyewe, kwa chombo chake na vifuko vyake. Sisi tutasimama kando, mikono nyuma. Jibu litoke kabla ya mvua. Mabaki yakionekana tena, miche tutaing'oa wenyewe, wala hatutabishana nawe.

La mwisho. Jibu likiwa baya, tafadhali usituandikie. Barua ya kwanza mkwe wangu alinisomea, maana miwani sikuwa nayo, akaruka mstari unaokataza mboga za shamba hili zisiliwe. Alinihurumia, alihofia presha yangu. Siku nne nikaendelea kubeba mchicha kuuleta hapa jikoni. Watoto hawajaugua. Lakini kila asubuhi nasimama mlangoni pale, nawahesabu wanavyoingia, na kabla hawajafika sitini sipumui. Njoo utuambie uso kwa uso, sote tusikie neno lote.

Mwenyezi Mungu akufikishe kwako salama, awape watu wa maabara yako macho makali na mikono mitulivu.

Ni sisi,
Bibi na Wakwe, Wakulima wa Mboga.