Bwana Boga Shutu na Inchi Nne za Mwakidzingo

Jumatano, tarehe 31 Desemba 1958, saa kumi alasiri, Bwana Boga Shutu atakabidhi mnyororo wake wa kupimia ardhi na kustaafu, baada ya kuitumikia ofisi ya upimaji ya Kwale kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Aliajiriwa tarehe mosi Septemba 1927 akiwa mbeba bendera, yaani yule anayetangulia kichakani na kusimama na kitambaa chekundu ili mpima amwone kupitia darubini. Anaondoka akiwa mnyapara mkuu.

Kazi ya ofisi yetu ni rahisi kuieleza. Tunaonyesha kwenye karatasi mahali msitu wa hifadhi unapoanzia na unapoishia, ili asiwepo mtu wa kusema hakujua. Kuifanya ni jambo jingine. Misitu tisa ya wilaya hii imo kwenye ramani leo, pamoja na mikoko ya Gazi, na hakuna hata mmoja ambao Bwana Boga hakuuzunguka kwa miguu yake. Ule mkubwa wa milimani ameuzunguka mara tatu. Mara ya pili nyati alimpandisha mtini, akakaa huko kutwa nzima. Aliposhuka alikuwa bado ameushika mnyororo, na hesabu haikupotea.

Daftari zake za vipimo zimejaa kabati mbili. Zinasomeka vizuri, na humo hakuna neno la ziada isipokuwa pale ukweli ulipolidai. Katika daftari la Gazi la mwaka 1949, siku waliyopima ukingo wa mikoko maji ya bamvua yakiwa yametoka na matope yakifika magotini, ameandika: "Mnyororo wa 41. Kiatu cha kushoto cha B.S. kimezama. Hakikupatikana." Kulia mwa ukurasa ameonyesha kwa nukta mahali penyewe.

Hakisii. Harusini Msambweni aliulizwa kama nyumba ya bibi harusi iko mbali, akajibu, "Sijapima." Ndiyo maana nusu ya wilaya humwita Bwana Inchi. Jina hilo halimuudhi.

Wageni wanaofika ofisini kwetu huona misumari miwili ya shaba kwenye sakafu ya baraza na kuikanyaga bila kujua ni ya nini. Kati ya msumari mmoja na wa pili ni futi sitini na sita kamili, urefu halali wa mnyororo. Mnyororo wa chuma hurefuka kadiri unavyovutwa vichakani, kwa hiyo kabla ya kila safari hunyooshwa kati ya misumari hiyo na kusahihishwa. Bwana Boga ndiye aliyeifanya iwe sheria. Kila kijana aliyeingia kazini alimsikia akisema kwamba mpima anaweza kukosea, na mnyororo unaweza kukosea, lakini misumari haikosei.

Mwezi wa Julai 1954 sakafu ya baraza ilipigwa saruji upya. Fundi Mwero, aliyeifanya kazi hiyo, si mzembe. Kabla ya kuing'oa misumari alipima nafasi yake kwa kamba ya katani, na saruji ilipokauka akairudisha kwa kamba ileile. Mara ya pili kamba ilivutwa zaidi kidogo. Misumari ikakaa mahali pake kwa macho ya kila mtu, ikiwa imeachana kwa inchi nne zaidi.

Mwezi uliofuata Bwana Boga aliunyoosha mnyororo wake hapo, akauona umepungua. Mnyororo wa kazi haupungui. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote Kwale. Lakini mbele yake ilikuwapo misumari, na neno alilolisema kwa miaka ishirini. Akaongeza pete nne ndogo, mnyororo ukafika, akaenda Mwakidzingo.

Msitu wa Mwakidzingo uko nyuma ya Msambweni. Mpaka wake ulipimwa mara ya kwanza mwaka 1931, Bwana Boga akiwa bado mbeba bendera, lakini vigingi vya wakati ule vilikuwa vya mti na mchwa walikwisha kuvila. Safari hii ilikuwa ya kuweka mawe, na baada ya mawe, ramani yenye muhuri. Amri ilikuwa wazi: kutoka jiwe la barabarani kwenda magharibi, maili tatu ni shamba la mkonge, zikiisha, msitu unaanza. Mwenye shamba alikwisha kuleta seng'enge, akingoja mawe tu.

Maili tatu ni minyororo mia mbili na arobaini. Siku walipoweka jiwe la mwisho, alikuja Mama Kadzo na mtungi wake kichwani. Kijiji chake chote huchota maji kwenye kisima kilichomo ukingoni mwa msitu, na msitu wa hifadhi haumkatazi mtu maji. Akalitazama jiwe. Akakitazama kisima, ambacho sasa kilikuwa nyuma ya wapimaji, upande wa mkonge, hatua kumi na mbili tu.

"Boga," akasema, "ulipokuja na yule Mzungu wa kwanza, kisima kilikuwa msituni. Kimehama lini?"

"Kisima hakihami, mama."

"Basi umehama wewe."

Vibarua walicheka. Waziri, aliyeshika ncha ya pili ya mnyororo, anasema Bwana Boga hakucheka. Aliukunja mnyororo taratibu, akazigusa zile pete nne moja moja, akasema, "Waziri, umewahi kuona mnyororo unaofupika?" Kisha akapanda baiskeli. Kilima cha kutoka Kombani kuja ofisini Kwale alikipanda akiisukuma.

Ofisini aliomba tepu ya chuma iliyofungiwa kabatini, akapiga magoti barazani na kuipima misumari mbele ya kila aliyekuwapo. Alipima mara tatu. Kisha akaingia kwa mkuu wetu wa wakati ule, ambaye sote tulimwita Bwana Mpima. Ramani ilikuwa mezani imekwisha kuchorwa, ikingoja jiwe la mwisho tu ipelekwe Nairobi Jumatatu.

"Boga, ni inchi nne," Bwana Mpima alimwambia.

"Ni inchi nne mara mia mbili na arobaini, Bwana. Futi themanini. Na kisima."

Futi themanini katika upande wote wa msitu, wenye urefu wa maili mbili, ni ekari kumi na tisa na ushei. Mtu asiyejua kazi angesema ni majani tu.

Jambo lililobaki lilikuwa ripoti. Katika nakala ya kwanza kosa lilikuwa la fundi mwashi, na hakuna ambaye angeshangaa. Bwana Boga alijua kwamba jina lake lilikuwa limependekezwa kwa unyapara mkuu kuanzia Januari. Aliisoma nakala ile akiwa amesimama, akairudisha mezani. "Mwero ni mwashi, Bwana. Aliirudisha alivyoweza. Aliyeiamini bila kuipima ni mimi. Andika Boga." Ikaandikwa Boga. Unyapara mkuu aliupata Julai 1957, miaka miwili na nusu baadaye. Hakuna aliyemsikia akiizungumzia miaka hiyo.

Mstari wa Mwakidzingo ulipimwa upya wote kwa siku kumi na moja, katikati ya mvua za vuli. Mawe yalirudi nyuma futi themanini, na seng'enge ya mkonge ikaishia inapostahili kuishia. Anayeitazama ramani hiyo leo ukutani kwetu ataona nukta ndogo ya buluu ndani ya rangi ya kijani, karibu kabisa na mpaka. Wageni huidhani ni tone la wino.

Tangu hapo, kila Jumatatu asubuhi, misumari hupimwa kwa tepu kabla ya mnyororo kupimwa kwa misumari. Lile neno la zamani hakulirudia tena. Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zilipotufikia mwaka 1956, naye akaelezwa kwamba hizo hazikosei, alizichukua zote akaenda nazo porini. Karibu na Gazi picha ilionyesha msitu mzito ambao haukuwa kwenye daftari lolote. Wachoraji walifurahi. Bwana Boga aliitazama kidogo. "Hiyo ni mikorosho ya shambani kwa Rai," akasema. "Nimelala chini yake." Ndivyo ilivyokuwa.

Wapima kumi na wanne walio kazini leo, kutoka Diani hadi mpakani, wamefundishwa naye. Waziri ndiye atakayepokea mnyororo. Bwana Boga anarudi Gazi kwa mkewe, Bi Biasha, aliyempigia pasi kaptura za kazi kwa miaka yote hii na kuzipokea zikiwa na matope. Kuna shamba la minazi linalomngoja. Majirani wanatuarifu kwamba mipaka yake amekwisha kuipima mara mbili.

Zile pete nne alizitoa kwenye mnyororo siku ileile ya 1954, akazitunga kwenye kamba ya funguo zake. Jumatatu wiki hii aliziweka mezani. "Mimi sina kazi nazo tena," alisema. "Nyinyi mtakuwa nayo." Zimepigiliwa ukutani barazani, juu ya msumari wa kwanza.

Bwana Boga, ahsante kwa kazi iliyosimama mahali pake. Bi Biasha, ahsante kwa kutuazima mume. Mungu awajaalie afya, na miaka mingi ya kukaa bila kuhesabu minyororo.

Wanaohudhuria sherehe wanaarifiwa kwamba kabla ya chai kutakuwa na maji ya kunywa. Mama Kadzo ameyaleta mwenyewe kutoka Mwakidzingo, mtungi mzima, na ameagiza mstaafu aambiwe kwamba kisima hakijahama.