Pua ya Dorcas

Nisogezeeni mto, wanangu, na masikio yenu myasogeze pia, maana anayeondoka ni mimi Obed Tapscott, na mtaa mzima wa Clerkenwell hakuna mwingine aliyechonga picha ya mvua kwenye kibao cha mti cha kuchapia, watu wakafungua miavuli wakitazama gazeti. Abishe anayeweza! Vema.

Nyumba hii ni ya panya. Urithi ni karakana, nayo siigawi. Jabez, unadai dada yako aondoke. Keziah, umeapa hukai meza moja na kaka yako. Kisa? Jabez alisahau kwamba mtini tunachora kinyume ili karatasini ije sawa, kikosi kizima cha askari wa malkia kikatoka gazetini kinapiga saluti kwa mkono wa kushoto, nawe Keziah, siku ya Krismasi, ukamwambia, "Afande, nipitishie bata, kwa mkono uleule!" Pudingi ilinipalia kwa kicheko. Cheka, Jabez, mwanangu. Wagombanao ndio wapatanao.

Sasa toeni vile vibao nilivyompa kila mmoja kwa siri. Viunganisheni, kazeni bolti. Mnamwona? Mama yenu Dorcas siku ya harusi yetu, upepo umemnyakua kofia, anacheka meno yote nje. Jabez kachonga shavu hili, Keziah lile, na wote mmetii desturi: mwenye nusu hagusi ukingo, mstari unaovuka kiungo ni wa bwana wa karakana. Lakini mkono wangu mimi bwana umekwisha nguvu, na kwenye kiungo kuna nini? Pua! Mtamzika baba yenu mama akiwa hana pua?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Ketini pamoja, mmoja ashuke kulia, mwingine kushoto, mkutane nchani. Nikiona ufa karatasini, karakana namwachia jirani Pettifer, na mnajua farasi anaowachonga: viti vyenye mikia. Usipoonekana ni yenu wawili, na mlangoni yaandikwe majina yote mawili.

Haya... nasikia chuma kikikwaruza. Taratibu, Keziah, pua yake ilikuwa nyembamba.

"Nyembamba wapi, baba? Ilikuwa kama yako, Jabez!"

"Chonga, wewe, acha mdomo!"

Ehee... gombaneni hivyohivyo. Pakeni wino... leteni... Ufa hauonekani. Mtundikeni hapo, kando ya kitanda. Mtini alitazama dirisha... karatasini kageuka... ananitazama mimi.

Mungu aibariki mikono yenu... yote minne... na ya kushoto pia.