Chiriku, Mwenye "Dirisha Lako"

Mama yetu mpendwa, aliyejulikana kwa wengi kama Chiriku, alizaliwa tarehe 4 Machi 1948, kifungua mimba wa fundi viatu na mshonaji. Jina hilo alipewa na babake: mtoto akianza kuimba, hanyamazi.

Alisoma hadi darasa la nane. Mwalimu wa muziki alimtoa kwenye kwaya kwa kuwa sauti yake ilimeza za wenzake. Wiki hiyohiyo akamrudisha. Kwaya ilikuwa imepwaya.

Mchana alipiga taipu ofisini, jioni aliimba na bendi. Mwaka 1969 waliingia studio, chumba kilichoegemezwa magodoro ukutani, wakarekodi utungo wake, "Dirisha Lako". Kipaza sauti kilikuwa kimoja, hivyo mpiga tarumbeta alisimamishwa mlangoni asiwafunike wenzake. Mpiga ngoma akaangusha fimbo, mama akacheka huku anaimba. Fundi mitambo akataka warudie.

"Kiache kicheko changu, ndugu yangu," alisema. "Anayependa hucheka."

Tarehe 12 Desemba 1971 aliolewa na yule wa mlangoni. Walijaliwa watoto watatu.

Wimbo ulirudiwa na kwaya, bendi za harusi, hata vijana wa kufokafoka, na wote waliiga kile kicheko wakidhani kilitungwa. Sisi wanawe tulilalamika: "Mama, wameuharibu!"

"Wimbo ni kama binti," alitujibu. "Akishaolewa, huendi kufunua vyungu vyake."

Mwaka 2015 alipatikana na uvimbe kooni. Upasuaji ungemwokoa, lakini ungeondoka na sauti. Mama ndiye aliyeamua: "Nimeimba nikashiba. Sasa nataka kusikiliza."

Akabaki na mnong'ono tu. Ndipo binti mmoja mwimbaji alipobisha hodi kuomba ruhusa ya kuurekodi upya wimbo huo. Mama alimkalisha sebuleni mwezi mzima, akimpigia mapigo mezani kwa kiganja, akimgusa bega kila mahali pa kuvuta pumzi. Siku tuliyoisikia rekodi hiyo redioni, baba alitoka nje kufuta machozi. Mama alibaki kitini, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Alifariki usingizini, nyumbani, alasiri ya tarehe 9 Juni 2021.

Ameacha mume, wajukuu saba na watoto wanne. Wa nne ni yule binti. Mama mwenyewe aliagiza aandikwe hivyo.

Alale kwa amani, Chiriku wetu.