Gia ya Kuteremkia Mlimani

Benchi lililoegemea ukuta wa kinyozi lilitosha watu watatu, lakini asubuhi za Jumapili walibanana wanne. Birika la kahawa lilikaa kwenye jiko miguuni pa Pancha, fundi matairi, ambaye hakumruhusu mwingine kulishika. Siku hiyo walimwachia Kona katikati, mahali pa heshima. Kona alikuwa dereva wa lori la saruji, na jina hilo alilipata hapohapo benchini kwa kusimulia kona alizozikata. Juzi alikuwa amerudi na mkewe na binti yao kutoka milimani, walikokuwa wakizunguka njia za porini na kulala kwenye hema, mvua ikiwanyeshea karibu safari nzima. Gari lao lilisimama ng'ambo ya barabara, tope limekauka hadi kwenye vioo. Kona alilitazama, akajuta kutoliosha.

– Tope lile si la kuendeshea, alisema Pancha akimimina kahawa. Ni la kufinyangia vyungu.

– Ndiyo maana nasema hakuendesha, alisema Kinyozi.

Kona alishtuka, kahawa ikamwagikia kidole.

– Mteremko ule aliteleza tu, Kinyozi aliendelea. Unazima injini, unaliacha gari lishuke lenyewe, usukani unaushika kwa kidole kimoja.

– Nani kakudanganya? alisema Pancha. Unatoa upepo matairi yote manne mpaka yalale kama ndala.

– Nyote hamjui kitu, alisema Mzee Redio, mstaafu wa posta aliyekuwa na habari ya kila jambo kabla halijatokea. Mteremko ule dereva mzoefu anaushuka kinyumenyume, ili asilione bonde.

– Vyovyote vile, bahati yao aliyeshika usukani ni huyu, alisema Kinyozi. Angekuwa mama mtoto, si angekanyaga breki mpaka leo? Yule hata kuku akilala kando ya njia anasimama.

Wakacheka. Utani huo Kona ndiye aliyeuleta benchini, na aliurudia kila alipoona wamechangamka. Leo aliinamia kikombe.

Maana mlimani mambo yalikwenda hivi. Katikati ya mteremko gari lilianza kwenda ubavu, tairi la nyuma likachungulia bonde. Lilipokwama kwenye jiwe, Kona alisema anashuka kukagua njia. Aliposhuka, hakukagua kitu. Akakumbatia mti, akasema harudi ndani. Mkewe alimshusha binti yao, akamkabidhi kwa baba yake, akahamia kwenye usukani, akaliteremsha gari peke yake hadi bondeni. Kona alifuata kwa miguu, binti amemshika mkono akimwelekeza: “Baba, kanyaga hapa. Hapa hapatelezi.”

– Shikamoo mzee. Kaka zangu, habari za asubuhi.

Alikuwa muuguzi wa zahanati, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma.

– Marahaba, alijibu Mzee Redio. Karibu kahawa.

– Asante, sikai. Kaka, nimesikia umetoka milimani. Kesho nampeleka mama kwao kwa njia hiyohiyo. Ule mteremko niushuke na gia ya ngapi?

– Ya tatu, alisema Kinyozi.

– Nyutro, alisema Mzee Redio.

– Inategemea matairi, alisema Pancha.

Muuguzi hakuwageukia. Alimsubiri Kona. Kona alijua kwamba gia yoyote atakayoitaja, huyu dada ataishika kama dawa. “Ya pili” ilikuwa imeshafika ulimini. Akamwona mawazoni mama wa watu kiti cha mbele, mkoba mapajani, anamwamini dereva.

– Sijui, alisema.

– Usinifiche, kaka.

– Sikufichi, dada. Sikuwa ndani ya gari. Aliyeliteremsha ni mke wangu. Mimi niliogopa, nikashuka kwa miguu.

Kinyozi alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza. Pancha aliinua birika, akalirudisha kwenye jiko bila kummiminia mtu. Kona alisimama.

– Twende nyumbani ukamuulize mwenyewe.

Mkewe alikuwa uani akifua hema. Alifuta povu mikononi, akamweleza muuguzi taratibu, huku akionyesha kwa viganja.

– Gia ya kwanza tangu juu. Breki usiikurupukie, iache injini ikuzuie. Mkia wa gari ukianza kuteleza, peleka usukani upande huohuo unakokwenda mkia.

– Hukuogopa, dada?

– Niliogopa sana. Ila baba mtoto alikuwa mbele, ananionyesha njia.

Alisema hivyo bila hata kumtupia jicho mumewe. Kona alihisi uso unawaka. Yale ya benchini yalikuwa mepesi kuliko kusitiriwa hivi. Angeweza kunyamaza, na muuguzi angeondoka na hadithi nzuri.

– Nilikuwa nyuma, alisema.

Mkewe akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu warudi. Kisha akamrushia ncha moja ya hema.

– Shika huko, tukamue.