Mama Zamu Atakaa Mpaka Mwisho

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi kiongozi wa wodi ya wanaume anavua sare. Tunamwita Mama Zamu kwa kuwa ndiye anayepanga zamu, na ukimwomba ruhusa ya harusi ya binamu hukuuliza binamu huyo ameoa mara ngapi mwaka huu.

Alianzia wodi ya watoto, akapitia chumba cha upasuaji, ndipo akahamia kwa wanaume. Husema wagonjwa ni wale wale, ila hawa hulia kwa siri.

Daktari hupita, hupima, huandika na kuendelea na wengine. Mfamasia hutoa dawa, nasi wa maabara hutoa majibu. Hakuna ambaye kazi yake ni lelemama. Lakini sote tukishamaliza, muuguzi ndiye hubaki na mgonjwa: ampe dawa, amgeuze, amweleze mkewe alichosema daktari, kisha amtafutie kandambili iliyopotea chini ya kitanda.

Ndiyo maana katika sherehe zetu za kuagana wauguzi huja kwa kupokezana, hula wima na kurudi mbio. Mama Zamu hajawahi kusikia hotuba hata moja mpaka mwisho. Wengine tulimwonea wivu.

Kamati ya sherehe ilipomuuliza zawadi anayoitaka, ikitegemea aseme friji, aliomba wauguzi wake wote wakae naye ukumbini mwanzo hadi mwisho. Katibu akasema haiwezekani, wodi ataachiwa nani? Akajibu kwa upole kwamba basi na sherehe isiwepo. Tulijua hatanii, na iliuma kufikiri angeondoka kimyakimya.

Daktari mkuu ndiye aliyekata mzizi wa fitina: yeye, mfamasia na wauguzi wawili wastaafu watashika wodi. Juzi alijaribu kwa saa moja. Alitoka shati limelowa jasho, chai yake imepoa mezani bila kuguswa.

"Miaka yote hii nilidhani nikiondoka wodini wanapumzika," alituambia.

Mama Zamu, asante kwa kubaki kila tulipoondoka. Tutakukosa sana. Nenda ukalale usingizi wa kushiba, ule chakula kingali moto, na maisha yakuendee vyema. Na Ijumaa kengele ya wodi ikilia katikati ya hotuba, usiinuke. Daktari anakwenda.