Fundi wa Funguo na Kisahani cha Binti Yake

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto jikoni, mwenye kelele anyamaze, tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa funguo. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, hospitalini, akiwa na miaka sabini na mbili. Ameacha dada mmoja na binti mmoja. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: fundi wa funguo amefariki, ameacha dada na binti.

Dada yake, ambaye wengi wetu tunamwita Shangazi, alinipigia simu. Akaniambia, "Mwanangu, marehemu hasemwi vibaya. Msemee mazuri kaka yangu." Nikamjibu, Shangazi, nitasema mazuri yote niliyonayo. Hayatachukua muda mrefu.

Haya, mazuri. Alikuwa fundi hasa. Duka lake lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, kati ya kinyozi na muuza vitambaa. Funguo mbichi, zisizochongwa bado, zilining'inia ukutani kwa mamia. Unga wa shaba ulitapakaa mezani, sakafuni, hata kwenye nyusi zake. Alikuchongea ufunguo ukiwa umesimama, na hukurudi kulalamika. Hakulewa. Hakuchelewa. Na aliupenda mchezo wa gofu ya visahani kuliko alivyopenda watu. Basi, mazuri yameisha. Tuendelee.

Kwa wasioujua mchezo huu, nieleze. Unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma. Kikapu kimesimama kwenye mlingoti, na juu yake inaning'inia minyororo. Kisahani kikigonga minyororo, kinatakiwa kitulie na kuangukia ndani. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Kuna visahani vya kurusha mbali, na kuna kisahani cha kumalizia, kile unachokishika ukiwa hatua tano, hatua saba kutoka kikapuni. Hapo ndipo mashindano hupotea.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu mambo yote yanatoka hapa. Kisahani cha kumalizia hakichaguliwi kwa rangi. Kuna kigumu na kuna laini. Mwenye kiganja kikavu kinamfaa kigumu, kinamtoka mkononi bila kusitasita. Mwenye kiganja chenye jasho kinamfaa laini, maana kigumu kitamteleza. Tena kigumu kikirushwa vibaya kinagonga minyororo na kuruka nje. Laini kinajikunja kidogo, kinashikwa, kinaanguka ndani. Kigumu na laini. Yakumbukeni hayo mawili.

Na hakuna aliyejua kuchagua kama fundi wa funguo. Chini ya meza yake kulikuwa na droo ya visahani. Ulikwenda dukani, ukamwamkia, "Shikamoo Fundi." Hakuitika. Alikwambia ufumbe macho. Akakupa kimoja, akabonyeza kidole gumba chako ukingoni, akakugusa kiganja kama daktari anayetafuta homa. Akakupa kingine. Halafu akasema, "Hiki. Nenda." Hakukosea hata siku moja. Mimi mwenyewe alinichagulia, nikashinda kombe la klabu mara mbili, na haki ya Mungu mimi si mchezaji wa maana. Alikuwa akisema, "Kila mkono una kisahani chake, kama kila kufuli lina ufunguo wake."

Binti yake alikuja uwanjani akiwa na miaka ishirini. Leo ana thelathini na tisa. Kazi yake ni kupima macho. Anakuvalisha kioo kimoja, anakubadilishia kingine, anakuuliza, "Hiki au kile, kipi unaona vizuri?" Ukimjibu, anaandika ulichosema. Anakuamini. Ndiyo kazi yake siku nzima, kuwaamini watu juu ya kile wanachokiona.

Viganja vya binti huyu hutoka jasho. Tangu utotoni, Shangazi anasema, hata daftari zake za shule zilikuwa zimejikunja pembe. Siku ya kwanza aliingia dukani, akafungua droo ya baba yake mwenyewe, akachukua kisahani laini cha kijani. Akaenda nacho uwanjani. Akasimama hatua tano, akarusha mara kumi. Zikaingia tisa. Nilikuwepo, nilihesabu.

Baba yake akaja, akamnyang'anya. Akasema, "Hicho ni cha wavivu." Akampa kigumu, cheupe, kizito. "Hiki ndicho chako, mwanangu. Kikikushinda, jua tatizo ni mkono." Alikuwa mtu asiyekosea. Wewe ungebisha? Binti alishukuru, akakipokea kwa mikono miwili.

Miaka kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa. Miaka kumi na tisa na kisahani kigumu kwenye kiganja chenye jasho. Mirusho yake ya mbali ilikuwa mizuri kuliko ya mwanamume yeyote pale, kuliko ya baba yake pia. Akifika karibu na kikapu, mambo yanaharibika. Kisahani kinapiga minyororo, minyororo inalia, kisahani kinaruka nje. Akajifunza kukibana kwa nguvu zake zote kisimteleze. Kila jioni baada ya kazi alikuwa pale peke yake, anarusha, anaokota, anarusha, mpaka ngozi ya kidole inachubuka. Baba yake akipita na baiskeli anapunguza mwendo, anatazama, anatingisha kichwa, anakwenda zake.

Sisi tulicheka. Tukamwita Kengele, kwa sababu analia tu, hakiingii kitu. Nani alianzisha jina hilo? Mimi. Tena nilianzisha hapahapa, kwenye kipaza sauti hiki, katika matokeo ya michezo ya Jumapili. Wateja wakaanza kumwita hivyo kazini kwake, wakiwa wamekaa kwenye kiti cha kupimwa macho. Je, nilishuku kwamba kisahani si chake? Nilishuku. Nilivijua viganja vyake, nilishawahi kumpa mkono. Nikafyata ulimi, kwa sababu maadamu Kengele analia, mimi sikuwa namaliza wa mwisho.

Sasa fainali ya miaka minane iliyopita. Mshindi wa fainali ndiye huenda kwenye mashindano makubwa ng'ambo. Fundi alishakwenda mara sita. Mwaka ule binti alijitahidi kuliko miaka yote. Alishaomba likizo. Alishachukua pasi ya kusafiria, akatuonyesha picha yake ndani, amekaza macho kama anayeshtakiwa. Tulipofika kikapu cha mwisho alikuwa mbele ya baba yake kwa mrusho mmoja. Akabaki na hatua saba. Aingize, ameshinda.

Ndani ya mkoba wake kulikuwa na visahani viwili vya kumalizia. Kigumu cha baba, na laini alichoazimwa asubuhi na muuza vitambaa, jirani wa duka, aliyemwambia, "Dada, jaribu na hiki, siku moja tu." Akavitoa vyote viwili. Akakaa navyo muda mrefu. Akainua macho akamtazama baba yake.

Baba yake akaelekeza kwa kidevu. Kigumu.

Akarusha kigumu. Minyororo ikalia, kisahani kikaruka nje, kikateremka mteremko, kikaenda kulala kwenye majani mbali kuliko pale alipokuwa amesimama. Alihitaji mirusho mingine mitatu. Fundi akaingiza chake kwa mrusho mmoja, akawa mshindi. Halafu akateremka, akaokota kisahani cha binti yake, akakifuta kwa leso taratibu, akamrudishia. Akamwambia neno moja tu: "Mkono."

Wanasema damu nzito kuliko maji. Kwa bwana yule, kombe lilikuwa zito kuliko damu. Alikwenda ng'ambo, akamaliza wa arobaini na moja.

Mwezi uliopita Fundi akalazwa. Binti alikuwa naye kila siku. Alimnyoa, alimgeuza ubavu, alimkata kucha ambazo bado zilikuwa na unga wa shaba. Siku moja mchana, Shangazi akiwa ameketi upande wa pili wa kitanda, mgonjwa akafumbua macho. Hili Shangazi amenisimulia mwenyewe, na amekubali niliseme.

Akasema, "Laini ndicho kilikuwa chako. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Binti akamwuliza, "Baba, kwa nini?"

Akasema, "Ungenishinda. Baada ya hapo mimi ningemshinda nani?"

Halafu akaomba maji. Shangazi anasema alitamani kuitupa ile gilasi dirishani. Binti akamwinua baba yake kichwa, akamnywesha maji mpaka akatosheka, akamfuta mdomo. Siku nne baadaye Fundi akafa. Sikusikia kwamba aliomba radhi. Nimeuliza mara mbili.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo walivyosema wahenga, na mimi nilidhani wanazungumzia wadudu.

Juzi nilikwenda kazini kwa binti. Nilimkuta anapanga vioo kwenye sanduku. Nikamwomba msamaha kwa lile jina. Akasema, "Ulilisema redioni, kaniombe radhi redioni." Basi naomba radhi, dada yangu, mbele ya kila anayesikia. Wewe hukuwa kengele. Mimi ndiye niliyekuwa debe tupu.

Nikamwuliza kama amekijaribu kisahani laini.

"Nimekijaribu," akasema. "Jumamosi, baada ya mazishi. Nilinunua kipya. Nikasimama hatua tano, nikarusha mara hamsini."

"Zikaingia ngapi?"

"Tisa."

Akafunga sanduku la vioo, akaniambia, "Nakishika kana kwamba kinataka kunitoroka. Vidole havijui kuachia tena. Kinachelewa kunitoka, kinakwenda kushoto. Kigumu siwezi, laini siwezi. Zamani nilikuwa mchezaji mbovu, na mchezaji mbovu analala usingizi. Kwa nini aliniambia?"

Akamwita mteja aliyefuata.

Shangazi, pole. Ulitaka maneno matamu, nami nimekuletea haya, lakini wewe ndiye uliyenisimulia, na nadhani ulijua nitayafanyia nini. Dada mpima macho, pole sana. Klabu nzima inakupa pole, ingawa nusu yake haina uso wa kukutazama. Fundi apumzike anakostahili. Mahali penyewe nawaachia wanaojua mambo hayo.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjarudi kwenye vyungu vyenu. Kila mmoja ajiulize: nimemnyima nani kilicho chake ili mimi nibaki mkubwa? Mtoto, mdogo wako, mfanyakazi mwenzako. Kama bado ni kijana, mwite leo, umpe, uone aibu, yaishe. Ila kama umengoja mpaka mkono wake umeharibika, usimwite kitandani kwako kutua mzigo. Funga mdomo ufe nao.